“Tulale Wapi?”: Kisa cha Usiku wa Tetemeko Kariakoo

Sauti ile ilinifikia mara nne ndani ya nusu saa, kutoka kwa watu wanne wasiojuana. Mwanaume wa makamo, anaongea taratibu kama mtu anayesoma karatasi: “Ndugu zangu wa Dar, hili lililopita lilikuwa linabisha hodi tu. NASA wamethibitisha, saa nane na nusu usiku linakuja lenyewe, nane nukta mbili. Toeni watoto nje. Msilale ndani. Ukipata ujumbe huu mtumie na mwenzako.”

Ilikuwa Jumatano, 12 Agosti 2020. Saa mbili na dakika kumi na tatu usiku ardhi ilikuwa imetikisika chini ya bahari, kilomita 80 hivi kusini-mashariki mwa jiji, upande wa kwenda Mafia. Ukubwa wake ulikuwa karibu 6.

Kisa hiki ni cha jengo moja la ghorofa sita hapo Kariakoo, ambako nilipanga chumba na sebule ghorofa ya nne. Majirani ni wa jengo lile, makosa makubwa ni yangu. Kazi yangu ni visima: natafuta maji, nasimamia mtambo wa kuchimba, nasoma mchanga unaotoka shimoni. Jiolojia niliisoma chuoni, na matetemeko nilikuwa nayajua kwa kiasi cha kufaulia mtihani. Lakini kwenye jengo lile mimi nilikuwa “Injinia”, na usiku ule cheo hicho cha kupewa kilinigharimu.

Cherehani na ngazi

Aliyeeleza vizuri kuliko wote ni mama fundi cherehani wa ghorofa ya tano. Alikuwa anashona sare za harusi. “Kwanza sindano ilicheza, nikadhani ni lori la kokoto linapita huko chini. Nikamalizia mshono wa mkono wa gauni, nikakata uzi. Ndipo taa ikaanza kwenda huku na huku, kabati likagonga ukuta.”

Maneno hayo ni somo zima. Tetemeko hutoa mawimbi ya aina mbili kuu yanayopita ndani ya miamba. La kwanza husukuma na kuvuta, kama mabehewa ya treni yanavyogongana, nalo huenda kilomita 6 hivi kwa sekunde. La pili hutikisa huku na huku, kama kamba ya kuanikia nguo ukiichapa upande mmoja. Hili huenda kilomita 3.5 hivi kwa sekunde, na mara nyingi ndilo lenye nguvu ya kubomoa. Yanaondoka pamoja, yanafika yamepishana. Kila sekunde ya kupishana ni kilomita 8 hivi za umbali. Mama alipomalizia mshono na kukata uzi zilipita sekunde kama kumi. Kumi mara nane, themanini. Cherehani ilishapima umbali wa kitovu, yaani pale tetemeko lilipotokea, kabla redio yoyote haijasema neno.

Wakati huo bodaboda waliokuwa kijiweni pale chini walikuwa wanatuuliza, “Tetemeko lipi?” Walikuwa wamekaa juu ya pikipiki zinazounguruma, na isitoshe chini hakuyumbi kama juu. Kila jengo lina mwendo wake wa kuyumba, kama bembea. Kwa hesabu ya haraka, ghorofa moja huongeza sehemu moja ya kumi ya sekunde. Letu la ghorofa sita lingekwenda na kurudi kwa zaidi kidogo ya nusu sekunde. Sasa chini yake kuna nini? Kwenye visima vya Dar unaweza kushusha bomba makumi ya mita, ukatoa mchanga, ukatoa mfinyanzi, ukatoa mchanga tena, hujagonga mwamba mgumu. Ardhi ya namna hiyo huyapokea mawimbi na kuyakuza, hasa yale ya mwendo wa taratibu. Mwendo wa ardhi ukikaribiana na mwendo wa jengo, ghorofa za juu ndizo zinazolipa.

Watu walikimbilia ngazi. Taa za ngazi zilikuwa hazijawaka tangu Ramadhani. Bibi wa ghorofa ya pili, aliyekuwa akiita “Zilizala! Zilizala!” huku akimvuta mjukuu, alikanyaga kandambili ya mtu, akateguka kifundo cha mguu. Katika jengo letu huyo ndiye majeruhi pekee wa usiku ule, na kilichomuumiza ni ngazi.

Ndiyo maana wanaofundisha mambo haya husema inama, jifunike, shikilia: ingia chini ya meza imara, ushike mguu wake mpaka mtikiso uishe. Kwa mtu wa nyumba ya chini, mlango hatua mbili, kuta za tofali za udongo, kutoka haraka kunaweza kuwa na akili zaidi. Kwa mtu wa ghorofa ya tano, sekunde ishirini hazimfikishi popote isipokuwa katikati ya ngazi pamoja na wenzake hamsini.

Mhadhara barabarani

Saa tatu kasoro mjumbe alinipigia. “Injinia, shuka. Watu wana maswali.”

Nikawakuta barabarani, mikeka imeshatandikwa, wengine wamekaa juu ya madumu. Mwenzenu nikaanza kwa furaha ya mtu aliyepata darasa. Nikawaambia Afrika inapasuka polepole. Upande mmoja bamba la Nubia (bamba ni pande kubwa la gamba la dunia), upande mwingine bamba la Somalia, yanaachana kwa milimita chache tu kwa mwaka. Nikasema Bonde la Ufa tunalolijua kwa picha za Manyara na Natron haliishii nchi kavu, lina mipasuko yake chini ya bahari, kandokando ya pwani yetu mpaka Msumbiji. Yote kweli tupu.

Mjumbe alinivumilia kama dakika tatu. Mzee mstaarabu yule. “Mwanangu, hayo mabamba tutayasoma kesho. Sisi tunauliza, tulale wapi?”

Nikakwama. Watoto wanasinzia mapajani mwa mama zao, simu zinapokezana ile sauti ya saa nane na nusu, na watu kama sitini wananitazama usoni. Nikatoa jibu ambalo lingewaridhisha. “Limeshakwisha hilo. Nendeni mkalale.”

Wengi waliinuka, wakakung’uta mikeka. Bibi mwenye mguu aligoma. Alisema kwao, tetemeko likipita, watu hulala nje siku tatu. Nikacheka kidogo. Kicheko hicho ndicho ninachokijutia kuliko maneno yenyewe.

Kwa nini sauti ya WhatsApp ilinishinda

Kisayansi ujumbe ule ulikuwa takataka, na kuupangua si kazi. NASA kazi yao ni anga. Kule Marekani matetemeko hufuatiliwa na shirika la jiolojia, USGS, nalo linasema waziwazi kwamba si wao wala mwanasayansi mwingine yeyote aliyewahi kutabiri tetemeko kubwa. Anayekupa saa ya tetemeko anakudanganya, hata akitaja taasisi kumi. Na hiyo 8.2? Kutoka 6 kwenda 7 nishati huongezeka takriban mara 32, kwenda 8 mara 1,000, kwenda 8.2 ni kama mara 2,000. Tetemeko kubwa kuliko yote yaliyopimwa Afrika Mashariki katika karne ya 20 ni lile la Rukwa, Desemba 1910, nalo lilikuwa 7.4.

Lakini tazama ujumbe ulivyotengenezwa. Unasema lini. Unasema kubwa kiasi gani. Unasema ufanye nini: toa watoto nje. Mimi mwenye elimu yangu sikuwa na lini, sikuwa na kiasi gani, na la kufanya nililolitoa nililitoa bila kulipima. Mwongo alijibu swali waliloliuliza. Mimi nilijibu swali ambalo ningependa waniulize.

Ujumbe ule ulikuwa na nguvu nyingine pia: ulifanana na kitu cha kweli. Tahadhari yenye saa ipo, ila ni ya tsunami. Wimbi la bahari hukimbia kama ndege ya abiria kwenye kina kirefu, lakini tetemeko likitokea mbali bado linachukua saa nyingi kufika. Tarehe 26 Desemba 2004 tetemeko la 9.1 la Sumatra lilitokea alfajiri kwa saa zetu, na bahari ya Dar ilikuja kuua waogeleaji mchana. Kulikuwa na muda wa kuonya, hakukuwa na utaratibu. Sasa Bahari ya Hindi ina mfumo wake wa tahadhari, na kwetu wanaotoa taarifa hizo ni Mamlaka ya Hali ya Hewa. Kwa hiyo mtu akisikia “wimbi litafika saa fulani” ana haki ya kusikiliza. Akisikia “ardhi itatikisika saa fulani”, hana. Tofauti hiyo ningeweza kuieleza pale mkekani kwa sentensi mbili. Sikuieleza.

Kisha kuna jambo la namba. Kijana wa duka la simu aliniuliza, “Kwani sita kwa kumi si wastani tu? Daraja C?” Watu walicheka, mimi nikapuuza, kumbe ndilo swali bora la usiku ule. Vyombo vya habari vyetu hutangaza “kipimo cha Rikta” bila kueleza, na msikilizaji anajaza mwenyewe: lazima ni juu ya kumi, kama mtihani. Kipimo hicho hakina mia kwa mia. Kinaeleza ukubwa wa tetemeko lenyewe kule lilikotokea. Mtikiso unaokufikia wewe ni kitu kingine, nao una kipimo chake. Fikiria spika za kigodoro: zina nguvu ileile moja, lakini aliye jirani na turubai vikombe vyake vinagonga, aliye mtaa wa tatu anasikia besi tu, na mwenye dirisha bovu anasumbuka kuliko jirani yake wa ukuta mmoja.

Mfano tunao nyumbani. Tarehe 10 Septemba 2016, Jumamosi saa tisa na nusu alasiri kasoro dakika tatu, Kagera ilipigwa na tetemeko la 5.9. Namba hiyo na ya kwetu hazipishani kwa lolote la maana. Kule walikufa watu wasiopungua 17, mamia wakaumia, nyumba nyingi zikaanguka Bukoba na vijijini. Kwetu bibi aliteguka mguu. La Kagera lilitokea chini ya watu na chini ya kuta za udongo na mawe. Letu lilitokea baharini. Siku hilo letu likisogea kilomita 60 kuja kaskazini-magharibi, daraja C haitakuwa C tena.

Mvinyo wa Italia

Niliporudi juu niliwasha kompyuta nisome, na nilichokisoma kilinikosesha usingizi. Mwaka 2009 mji wa L’Aquila, Italia, ulikuwa na miezi ya vitetemeko vidogo. Wataalamu wakaitwa kwenye kikao mwishoni mwa Machi, na ofisa mmoja wa ulinzi wa raia akaiambia kamera kwamba hakuna hatari, watu wakanywe mvinyo wao wametulia. Usiku wa kuamkia 6 Aprili likapiga la 6.3. Walikufa watu 309. Miongoni mwa waliokufa ni wa familia ambazo kwa desturi ya wazee wao, kikitikisika kidogo usiku, hutoka na kulala nje. Safari ile walibaki ndani kwa sababu wakubwa walisema tulieni. Mwaka 2012 wanasayansi sita na ofisa huyo walihukumiwa kifungo. Mwaka 2014 sita wakaachiwa, na ofisa akapunguziwa adhabu.

Magazeti ya dunia yaliandika kwamba wamefungwa kwa kushindwa kutabiri. Sivyo. Waliburutwa mahakamani kwa kutuliza watu bila msingi. “Limeshakwisha hilo, nendeni mkalale.” Sentensi yangu ile ile, ila ya kwangu haikupata tetemeko la kuisuta.

Nilichokuwa nakijua, na ambacho ningekisema kama nisingetafuta kupendwa, ni hiki: baada ya tetemeko la 6 vitetemeko vingine hufuata, na kwa kawaida kikubwa kati ya hivyo hupungua kwa pointi moja na kitu, yaani karibu na 5. Vinakuwa vingi siku ya kwanza, vinapungua kadiri siku zinavyokwenda. Mara chache, kama moja kati ya ishirini kwa uzoefu wa sehemu zilizochunguzwa sana, kinachofuata kinakuwa kikubwa kuliko cha kwanza. Kesho yake nilimwambia bibi hivyo, nikienda kumpa pole. Akafikiri. “Ishirini, moja. Sasa mjukuu wangu, kama nyumba ni mbovu, hiyo moja si inatosha?”

Hapo ndipo swali lilipohama kutoka ardhini kwenda kwenye jengo, na aliyelihamisha ni yeye.

Nguzo ya kona

Kwa kweli nguzo niliioneshwa usiku uleule, saa nne, na kijana wa duka la simu. Nilikuwa nimeshawaambia watu wakalale. Akaniita pembeni na tochi ya simu. “Bro, hebu cheki hapa.”

Nguzo ya kona, ghorofa ya chini, upande wa uchochoro. Plasta ilikuwa imebanduka kipande cha ukubwa wa sinia, na ufa ulikuwa unashuka kwa mshazari kutoka kwenye boriti. Nikaingiza ukucha. Ndani kulikuwa na vumbi, utando wa buibui na rangi ya kijani, ile ya zamani ya jengo kabla halijapakwa krimu. Ufa wa leo una kingo nyeupe na kali, haujawahi kuona rangi. Huu ulikuwepo miaka. Tetemeko lilibandua plasta tu, likatuonyesha.

Nondo zilikuwa wazi. Za kusimama zilikuwa nene za kutosha. Tatizo lilikuwa ringi, zile nondo nyembamba zinazozungushwa kuzifunga za kusimama zisitawanyike. Nilipima kwa mkono kutoka ringi hadi ringi: shubiri moja na nusu, zaidi ya sentimita 30. Kwenye ncha za nguzo, karibu na boriti, ndipo zinapotakiwa kubanana zaidi, sentimita 10 hivi hadi 15, kwa sababu ndipo nguzo inapovunjikia. Ncha za ringi zenyewe zilikuwa zimekunjwa nusu, kama ndoano iliyochoka. Zege likipasuka zinafunguka. Ringi zinazotakiwa huingizwa ndani kabisa ya kiini cha nguzo. Fundi akitaka kubana matumizi ya nondo, ringi ndizo anazoanza nazo, maana zikishamwagiwa zege hakuna wa kuhesabu.

Na ghorofa ya chini ile haikuwa na kuta. Ilijengwa na fremu sita za maduka. Mwenye jengo aliziunganisha zikawa tatu kubwa kwa kuvunja kuta za kati. Juu kuna vyumba vyenye kuta kila upande, kwa hiyo kugumu. Chini kuna nguzo tupu. Jengo la namna hiyo likisukumwa upande, mwendo wote unakusanyika chini, na ghorofa ya chini hulala kabla ya nyingine hazijapata mkwaruzo. Sura hiyo ya maduka chini na watu juu ndiyo sura ya Kariakoo yenyewe.

Ningekuwa mkweli pale pale ningewaita watu warudi. Sikuwaita. Nilijiambia ufa ni wa zamani, umehimili tetemeko, utahimili na usiku huu. Hoja hiyo ina shimo la kupitisha lori: kitu kilichohimili mtikiso dhaifu hakijathibitisha chochote kuhusu mtikiso wenye nguvu.

Hatari ya Dar iko wapi hasa

Wataalamu wanaopima hatari huanza na orodha ya matetemeko yaliyopita na ramani ya mipasuko, wanakadiria kila ukubwa hutokea mara ngapi, kisha wanauliza mtikiso gani una nafasi ya asilimia 10 kuzidiwa ndani ya miaka 50. Hesabu hiyo ikigeuzwa inasomeka “mara moja kwa miaka 475”, na watu wanadhani ni ratiba. Si mabasi ya mwendokasi haya kwamba likipita moja unajua la pili liko mbali. Maana yake ni kwamba kila mwaka kuna nafasi ndogo ileile, mwaka huu, mwakani, na mwaka unaofuata tetemeko.

Kwa kipimo hicho Dar si Istanbul, wala si Tokyo. Hata ndani ya nchi, mikoa iliyo kwenye Bonde la Ufa inatikiswa zaidi. Mtu akiniuliza leo kama mtikiso mkubwa uko karibu Dar, nitamwambia nafasi ni ndogo. Ila hatari ni mtikiso ukizidishwa na udhaifu wa kilicho juu yake, na hesabu ya pili hiyo tunaijua bila mashine. Tarehe 29 Machi 2013 ghorofa lililokuwa linajengwa Mtaa wa Indira Gandhi liliporomoka na kuua watu zaidi ya 30. Tarehe 16 Novemba 2024 jengo lingine liliporomoka Kariakoo, wakafa zaidi ya 20. Siku zote mbili ardhi ilikuwa imetulia tuli.

Saa nane na nusu ilifika. Nilikuwa macho, dirishani. Chini barabarani bibi alikuwa amelala kwenye mkeka, mguu umefungwa khanga, na mama wa cherehani pembeni yake. Wengine waliorudi ndani walikuwa wametoka tena kimyakimya. Hakikutikisika kitu. Asubuhi watu walicheka sauti ya WhatsApp, na wengine wakanipongeza kwamba nilisema kweli. Hilo nalo ni kosa, kwa sababu kupatia si ushahidi kwamba ulikuwa na sababu.

Jumapili mjumbe aliitisha kikao, nami nikajibu swali la Jumatano. Nikasema: wa ghorofa ya chini na ya kwanza, upande wa kona ile, wasilale pale mpaka nguzo ikaguliwe. Wengine walale ndani, viatu na tochi kando ya kitanda, makabati yafungwe ukutani. Taa za ngazi ziwake leo. Na tumtake mwenye jengo alete mhandisi aliyesajiliwa, si fundi. Mabamba sikuyataja. Walichangishana taa za ngazi pale pale.

Mwenye jengo kwanza alileta fundi na ndoo ya plasta. Kijana wa duka la simu alikuwa ameshachora alama za penseli kwenye ncha mbili za ufa na kuandika tarehe, tuone kama unatembea. Fundi akaziziba zote kwa nusu saa. Wapangaji wakazuia kodi ya miezi miwili, ndipo mhandisi akaja. Akasema nguzo tatu zivalishwe koti la zege, na nondo mpya zenye ringi za kubanana. Mbili zilivalishwa. Ya tatu iko katikati ya fremu ya vitenge, na mwenye fremu alisema atahamisha mzigo baada ya Idi. Nilihama jengo lile mwaka 2022. Mzigo ulikuwa bado.